Rivolva ya Mama Saumu

Saltley, Birmingham, Jumapili, Machi 1970

Theluji ya katikati ya wiki imeshakuwa tope. Imelundikana kando ya njia, nyeusi kwa masizi, na mbingu imeshuka mpaka inagusa mabomba ya moshi. Nimekaa jikoni karibu na hita ya mafuta ya taa, magoti yanaungua na mgongo unaganda. Sebuleni hakukaliki. Dirisha la mbele ni plaiwudi.

Leo sina hasira. Ningekuwa nayo ningeshukuru, maana mwenye hasira walau anajua la kufanya na mikono yake.

Naandika kwa sababu nimetumwa kuchagua kitu na nimeshindwa kuchagua, na tangu asubuhi ya leo sijui hata kama kuna cha kuchagua.

Ilianza na tofali. Mwezi uliopita, Jumamosi jioni, tofali zima lilipasua kioo likaanguka juu ya kochi, pale pale anapokaa Saumu kutazama televisheni. Saumu ni binti yetu, ana miaka minne. Jioni hiyo alikuwa huku jikoni akimsumbua mama yake ampe mandazi kabla hayajapoa. Mandazi yalimwokoa. Polisi aliyekuja alikuwa kijana mwenye masikio mekundu kwa baridi. Aliligeuzageuza lile tofali, akasema ni vijana tu wa mtaani, wakichoka wataacha.

Hawakuchoka. Wiki iliyofuata tuliamka tukakuta mlango umepakwa rangi nyeupe, maneno ya kututaka turudi kwetu, na neno jingine ambalo sitaliandika humu. Jirani yetu wa ukuta mmoja, Bi Doris, alitoka na ndoo yake na tapentaini, akapiga magoti kwenye baridi tukasugua pamoja hadi vidole vikamchubuka. Hakusema kitu isipokuwa, "Aibu. Aibu gani hii." Bi Doris ndiye anayemlea Saumu tukiwa kazini, tangu mtoto hajaanza kutambaa. Saumu anamwita Nani, yaani bibi kwa Kiingereza cha hapa, na sasa hata kwaheri anaisema kwa lafudhi yake, "tara," kama mzaliwa wa hapa. Na kwa kweli ni mzaliwa wa hapa.

Kisha ikaja Jumatano ya wiki hii.

Mimi nilikuwa kiwandani, zamu ya jioni. Mke wangu Zena alikuwa anakaanga samaki. Anasema alisikia kifuniko cha tundu la barua kikigonga, vicheko nje, halafu mtu mmoja akapiga yowe, halafu miguu ikikimbia. Alipochungulia kwenye korido aliona kitambaa kinawaka, nusu kiko ndani ya mlango na nusu nje, na petroli inachirizika chini. Busati lilishika moto, na koti langu la mvua lililokuwa kwenye msumari likashika. Zena alikuwa ameloweka mashuka na kanga kwenye karai kubwa. Alilibeba karai zima, mwanamke mwembamba vile, akalimwaga lote kwa mpigo.

Niliporudi nilikuta korido inanuka petroli na sabuni, na kanga ya harusi yetu imelala sakafuni, imetoboka katikati. Zena alikuwa ameketi kwenye ngazi, Saumu amelala mapajani mwake. Alinitazama kama mtu anayesubiri basi. Hakulia. Ningependa angelia.

Alhamisi asubuhi aliniwekea chai mezani, akakaa mbele yangu.

"Baba Saumu," akasema, "nataka bastola."

Nilidhani anatania.

"Nataka rivolva, ile ya kuzunguka. Iwe ndogo ya kuenea mkono wangu mimi, siyo wako. Wewe huwa hupo."

Wewe huwa hupo. Hakulisema kwa ubaya, na ndiyo maana limenikaa hapa kifuani mpaka sasa.

Mtu asiyemjua Zena angefikiri ni maneno ya uchungu tu. Lakini Zena amekulia kwenye shamba la mkonge huko Kilifi. Baba yake alikuwa nyapara, na nyumbani kulikuwa na bunduki ya kufukuzia nyani. Alifundishwa kuishika kabla ya kufundishwa kusonga ugali. Mimi ni mtoto wa fundi cherehani wa Makupa, silaha pekee iliyowahi kuwa nyumbani kwetu ni mkasi. Kwa hiyo nilipoinuka nikasema, "Sawa, nitaulizia," nilikuwa natoa ahadi kuhusu kitu ambacho yeye anakijua na mimi sikijui.

Akachukua karatasi ya kufungia nyama, akaweka kiganja chake juu, akachora kukizunguka kwa penseli, kidole baada ya kidole, kama anavyomchorea Saumu unyayo tukienda kununua viatu.

"Uende nayo," akasema. "Isije ikawa kubwa."

Siku hiyo niliomba ruhusa kazini, nikaenda kituo cha polisi. Sajini alikuwa mtu mzima, mpole, alinipa kiti. Nilimweleza habari ya moto. Aliandika. Nikamwambia nataka kibali cha rivolva ya kuweka nyumbani.

"Ya kulindia nyumba?" akauliza.

"Ndiyo, afande."

Akaweka kalamu chini. "Bwana, hiyo haihesabiwi kuwa sababu. Ungekuwa mwanachama wa klabu ya kulenga shabaha, tungezungumza. Kwa nyumba, hapana. Hapana kwako, na hapana kwa mtu yeyote."

"Na wakirudi?"

"Tupigie simu."

"Hatuna simu."

"Si kuna kibanda cha simu mwisho wa mtaa?"

Kipo. Lakini ili nikifikie itanibidi nipite kwenye mlango ule ule unaowaka. Sikumwambia hivyo. Nilimshukuru nikaondoka, na njia nzima nilijilaumu kwa kumshukuru.

Ijumaa habari zilikuwa zimeshaenea kiwandani. Len, mzee anayeshughulikia mashine ya jirani na yangu, aliniita kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Len ni mtu wa maneno machache. Kwa miaka yote tumezungumza habari za mpira na maumivu ya mgongo wake. Alifungua mfuko wake akatoa taulo, akalikunjua juu ya benchi. Ndani mlikuwa na rivolva ya kijeshi, kubwa, nyeusi, aliyokuja nayo kaka yake kutoka vitani.

"Kwangu imelala tu kabatini," akasema. "Una mtoto mdogo. Ichukue."

Niliishika. Ilikuwa nzito kama pasi ya makaa. Nilijaribu kuuzungusha mkono wangu kwenye mpini, nikawaza kiganja cha Zena kwenye ile karatasi. Kidole chake kisingefika kwenye kifyatuo.

Risasi alizihifadhi kwenye mkebe wa tumbaku, zimefungwa kwa pamba. Baadhi zilikuwa zimeota ukungu wa kijani kitakoni, kama sarafu zilizokaa kisimani.

"Bado zinafanya kazi?" nikamuuliza.

Len akazitazama kwa muda. "Nyingi zao," akasema.

Nyingi zao. Nilijiona nimesimama kwenye korido, mlango unavunjwa, na mimi nafyatua, na ile iliyo zamu yake si mojawapo ya nyingi zao. Nilimwambia nitampa jibu Jumatatu. Akalikunja taulo taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto. Alikuwa ananifanyia wema, jambo ambalo lingeweza kumfunga jela, nami nikarudi kwenye mashine yangu bila hata kumshukuru.

Usiku huo nilipotoka kazini nilipitia kwa Mzee Gurbachan, mtaa wa pili. Ni Kalasinga wa Nakuru, alikuwa na duka la vipuri vya magari huko, na hapa anaosha mabasi depoti. Nilipokuja mara ya kwanza Birmingham, bila kujua mtu, yeye ndiye aliyenisikia nikijisemesha kwenye foleni ya soko akageuka na kuniuliza, "Veve Mombasa?" Kiswahili chake hakina ngeli wala aibu, na sijui sauti nyingine inayonituliza kuliko hiyo katika mji huu.

Alikuwa na rivolva Nakuru, ya leseni kabisa. Aliirudisha polisi wiki ile aliyoondoka. Nilimweleza habari zote, pamoja na ile ya kijeshi.

"Hapana," akasema papo hapo. "Ile kubwa sana. Mama Saumu napiga moja, inarusha teke, yeye naanguka kabla ya mwizi."

Akanieleza kama anavyonieleza habari za injini. Rivolva ni nzuri kwa mtu asiye na mazoezi kwa sababu haina mambo mengi, risasi ikikataa unavuta tena na kile kigurudumu kinaleta nyingine. Mtutu mfupi unafichika lakini haulengi. Mtutu mrefu unalenga lakini unamchokesha mwanamke. Risasi nyepesi haitishi mkono, ila haina uhakika. Nzito ina uhakika, ila mkono ukishaiogopa hutalenga tena. Kila alichokisifu alikitoa kasoro papo hapo, nikabaki nasema ndiyo, ndiyo, kama mwanafunzi aliyepotea tangu somo la kwanza.

"Na wewe uliwahi kuitumia?" nikamuuliza.

Akazikuna ndevu zake.

"Mara moja. Mwizi iko dukani, giza, mimi napiga." Akainua kidole. "Naua friji."

Tulicheka. Mke wake akaja kutazama tunacheka nini. Lakini Mzee Gurbachan aliacha kucheka kabla yangu.

"Mke yangu alikuwa simama nyuma ya friji, Rajabu," akasema polepole.

Hata hivyo alikubali kunisindikiza. Jana asubuhi tulipanda basi mpaka mjini, tukatembea hadi nyuma ya kanisa kubwa, kwenye mitaa ya mafundi wa bunduki. Miaka mitano nimeishi mji huu na sikuwahi kufika. Kumbe hapa ndipo zinapozaliwa. Karakana baada ya karakana, mwanamume mmoja anapita barabarani amebeba mitutu kwapani kama mtu aliyebeba mikate, harufu ya mafuta na chuma kilichopashwa moto. Nilisimama pale na karatasi yangu ya nyama mfukoni, nikawaza: mji mzima unaunda bunduki, na Zena amebakiwa na karai la nguo.

Mwenye duka alikuwa mzee mwembamba aliyevaa koti la kahawia la kazi. Kwanza alidhani sisi ni vibarua tuliomletea vyuma vilivyosuguliwa. Nilipomwambia nimekuja kuulizia rivolva ya mke wangu, alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Una kibali?"

"Polisi wamekataa," nikasema. Sikuona faida ya kumdanganya.

"Basi siwezi kukuuzia, bwana."

"Najua."

Sasa kama najua, nilikwenda kufanya nini? Nadhani alijiuliza hivyo hivyo. Nikatoa ile karatasi nikaitandaza juu ya kaunta, kiganja cha Zena na vidole vyake vyembamba. Nilimwambia, "Nataka tu kujua. Kama ningeruhusiwa, ingekuwa ipi?"

Mzee yule aliutazama mchoro kwa muda mrefu. Kisha akaingia nyuma akarudi na rivolva ndogo, ya mtu wa klabu ya shabaha aliyeileta kutengenezwa. Akaifungua, akatuonyesha vyumba vyake vya risasi, vyote vitupu, akailaza juu ya karatasi. Iliketi kiganjani mwa Zena kama imepimwa na fundi. Mpini ukajaa hapa, kifyatuo kikaangukia kidole cha shahada. Mzee Gurbachan akasema, "Arre," kwa sauti ndogo.

Nilihisi kitu kama furaha. Nataka nikubali hilo hapa, angalau. Kwa dakika ile niliona kuna jibu duniani, na jibu lina mpini wa mti.

"Na risasi?" nikauliza.

Alipanga za mfano kwenye kitambaa cha kijani. Moja ndogo kama punje ya haragwe. Hii, akasema, haina kishindo, mkono hauiogopi, lakini mtu mlevi mwenye koti zito la baridi anaweza kuipokea na bado akaja. Nyingine nene, ya kichwa cha mviringo, kama kokwa ya tende. Hii inamsimamisha mtu. Ila yenyewe haisimami. Ya tatu ilikuwa na kichwa bapa, ya kutoboa karatasi za shabaha tu.

"Nyumba yako ni ya namna gani?" akauliza.

"Za kuungana. Ukuta kwa ukuta."

"Mkeo atasimama wapi?"

"Mwisho wa korido. Kwenye mlango wa jikoni."

"Ukuta wa korido, upande wa pili kuna nini?"

Upande wa pili ni ngazi za Bi Doris. Saumu hukaa pale, kwenye kipandio cha tatu, na mwanasesere wake, anasubiri mama yake amrudie.

"Jirani," nikasema. "Na binti yangu, siku nyingi."

"Na mlango wa mbele ukiwa wazi, ng'ambo ya barabara?"

"Dirisha la watu."

Mzee akaanza kuzikusanya risasi. Alianza na ile nene, akafuatisha ndogo, na hata ile bapa akaichukua.

"Kwa nyumba hiyo," akasema, "sina risasi ya kukuchagulia. Nimefanya kazi hii tangu utoto. Nikirudi nyumbani jioni, kwangu hamna hata moja. Nina kitasa kizuri na mbwa."

Alinikunjia karatasi ya Zena akanirudishia kwa mikono miwili. Adabu yake ilinimaliza. Angenitukana ningekuwa na cha kubeba.

Basi lilipokaribia kwetu Mzee Gurbachan alinigeukia. Akasema, "Wewe nataka risasi ile najua kusoma. Inasoma jina kwanza, halafu naingia. Hiyo hawajatengeneza bado, rafiki."

Sikulala vizuri. Kila gari likipunguza mwendo nje, Zena alikuwa anashika mkono wangu.

Sasa niandike ya leo.

Zena anafanya kazi chumba cha kufulia cha hospitali, na leo Jumapili alikuwa na zamu ya asubuhi. Mimi nilitaka kuubandika ubao mwingine dirishani, kwa hiyo nilimpeleka Saumu kwa Bi Doris kwa saa chache. Nilipomaliza nikaenda kumchukua. Bi Doris alifungua mlango, akanikaribisha jikoni kama kawaida, akaniwekea chai bila kuniuliza. Alikuwa na macho mekundu. Nilidhani ni mafua.

Juu ya kamba, mbele ya moto wa makaa, palikuwa na jaketi limetundikwa kukauka. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeungua kutoka kwenye kifundo mpaka karibu na kiwiko, kitambaa kimekunyata na kuwa cheusi. Lilikuwa limefuliwa, tena kwa sabuni nyingi, lakini petroli haitoki kwa sabuni. Naijua harufu hiyo sasa. Nimelala nayo tangu Jumatano.

Bi Doris aliona ninachokitazama.

"Terry ameungua," akasema haraka. "Alikuwa anatengeneza pikipiki ya rafiki yake."

Terry ni mwanawe, ana miaka ishirini. Ndiye aliyetubebea kochi siku tuliyohamia. Kabla ya Krismasi walimpunguza kazi kiwandani pamoja na wengine, na tangu hapo anashinda na kundi la vijana kwenye kona, vichwa vyao vimenyolewa. Tukipishana huwa ananisalimu kwa kidevu, kama zamani, ila si anapokuwa nao.

"Ni mtoto mzuri," Bi Doris akasema. "Unajua kuwa ni mtoto mzuri. Unajua, sivyo?"

Ndipo nilipojua kwamba anajua.

Ngazi zikalia. Terry akashuka, nywele hana, shati halijafungwa, mkono wa kulia umefungwa bendeji mpaka kwenye vidole. Aliniona akasimama pale pale. Mimi nilikuwa na kikombe mkononi.

Saumu alitoka chini ya meza akamkimbilia. "Terry! Terry!" Akainua mikono yake miwili, kama anavyofanya siku zote.

Na Terry akamnyanyua. Kwa mkono wa kushoto, akamweka kiunoni, na Saumu akaigusa bendeji kwa kidole kimoja, taratibu, akaipulizia pumzi kama mama yake anavyompulizia yeye akijigonga. Terry aligeuza uso ukutani. Shingo yake ilikuwa nyekundu mpaka masikioni.

Nilifanya nini? Niandike ukweli. Nilikunywa chai yangu. Niliimaliza yote. Nikaweka kikombe mezani, nikasema, "Asante, Bi Doris," nikamwambia Saumu twende. Terry akanikabidhi mtoto bila kuniangalia, na kwa sekunde moja sote wawili tulikuwa tumemshika.

"Terry ameumia," Saumu akaniambia mlangoni kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia lakini hakijibu. "Amejichoma."

Tangu hapo nimekaa hapa jikoni nawaza jambo moja tu. Zena alisikia yowe. Kitambaa kilikuwa nusu ndani, nusu nje. Mkono unaweza kuungua hivyo kwa kukisukuma kitambaa kinachowaka ndani ya tundu la barua. Unaweza pia kuungua hivyo hivyo kwa kukivuta kitoke, wenzako wakicheka nyuma yako, kwa sababu umekumbuka ghafla ni nani anakaa nyuma ya mlango ule. Kidonda ni kile kile. Nimekigeuza pande zote mbili na sijui. Na kama Zena angekuwa na rivolva Jumatano, angefyatua kwenye mlango, na ningemlaumu kwa lipi?

Zena alirudi saa tisa, vidole vimekunjamana kwa maji ya kazini. Hakuvua hata koti.

"Umepata?"

Nikamwambia habari ya sajini, ya Len, ya mzee wa duka. Nikamwonyesha karatasi. Nilimwambia ile ndogo ilivyomwenea. Alisikiliza yote huku akiukaza ushungi wake.

"Basi mwambie huyo Len ailete," akasema. "Kubwa, mbovu, vyovyote iwavyo. Nitaishika kwa mikono miwili."

"Mama Saumu, kaa kwanza."

"Nimekaa siku nne, Baba Saumu. Nimechoka kukaa."

Nikamwambia kuhusu jaketi. Nikamwambia kuhusu bendeji, na jinsi Saumu alivyoipulizia. Nilimwambia yote mawili, kusukuma na kuvuta, maana sikuwa na haki ya kumficha hata moja.

Alikaa. Nilitegemea apige kelele. Nilitegemea ainuke aende kuugonga ukuta kwa ngumi. Alibaki ameshika ile karatasi yenye kiganja chake, na kutoka ng'ambo ya ukuta tulimsikia Bi Doris akichochea makaa, tukasikia redio yao, na mtu akipanda ngazi kwa miguu mizito.

"Tukienda polisi?" akauliza.

"Watamchukua. Au watasema hakuna ushahidi, na wenzake watajua ni sisi."

"Na tukinyamaza?"

Nilitikisa kichwa tu.

"Wewe moyo wako unakwambiaje? Alisukuma au alivuta?"

"Saa nyingine alisukuma," nikasema. "Saa nyingine alivuta."

Halafu akauliza swali ambalo mimi, na mawazo yangu yote ya siku nne, sikuwa nimelifikia.

"Kesho wewe uko zamu ya asubuhi. Mimi niko zamu ya asubuhi. Saumu anakaa na nani?"

Tulianza kutaja watu. Mke wa Mzee Gurbachan analea wajukuu watano na miguu imemvimba. Dada mmoja wa Kenya tunayemjua, muuguzi, yuko Selly Oak, mabasi mawili kutoka hapa, na naye yuko kazini. Zena akikosa tena, msimamizi ameshamwambia asirudi. Mimi nilishatumia ruhusa yangu Alhamisi. Majina yalikwisha upesi. Kila tulikopita tulirudi mlango ule ule, hatua tatu kutoka kwetu, kwa mwanamke aliyesugua mlango wetu mpaka vidole vikachubuka, na anayelala nyumba moja na jaketi lile.

Zena hakusema "sawa." Aliinuka tu, akawasha pasi, akaanza kunyoosha gauni la Saumu la kesho.

Len nitamjibu hapana. Asidhani nimekuwa mwema. Nimetafuta pa kuielekeza bastola yake, nyumba nzima, kila upande, na kila upande kuna mtu anayeniita kwa jina langu.

Saa hizi mama na mtoto wako juu. Saumu anaimbiwa. Mvua imeanza, nyepesi, inapiga plaiwudi badala ya kioo, sauti yake ni ya mti. Ningekuwa mwanamume wa hadithi ningekuwa nimeamua kitu kufikia mstari huu. Nimekagua komeo mara kadhaa. Nimejaza karai maji nikaliweka mwisho wa korido. Hayo ndiyo niliyoyaweza.

Kesho kabla hakujapambazuka nitabisha kwa Bi Doris, na yeyote atakayefungua mlango, kwa mkono wowote atakaoufungulia, nitamkabidhi mwanangu.